Mkono wa Angetile na Mwafi Aliounyimwa Neli

Siku hizi mtu akijikata kwa kisu cha kupasulia kakao pale Ipyana huenda zahanati akachomwa sindano, na jioni unamkuta kilabuni anacheka. Enzi ya Wajerumani mkato mdogo kuliko huo ulitosha kumwondolea mwanamke mmoja mkono na kumwondolea mwingine kijiji.

Nawaandika wanawake hao wawili kwa sababu hakuna mwingine atakayewaandika. Wajukuu wangu wanateka maji kwa ndoo za plastiki. Ukiwaambia kwamba ufukwe wetu wote, kutoka Matema hadi mahali milima ya Ukinga inapoingia ziwani, uliishi kwa chungu, wanakutazama kama mzee anayeomba tumbaku. Wafinyanzi bado wapo, sikatai, lakini wanafinyanga huku wakisikiliza redio, na vyungu vyao vinafanana na kazi ya mtu anayesikiliza redio.

Angetile alikuwa dada yangu, tumbo moja, mkubwa kwangu kwa watoto wawili waliokufa katikati yetu. Sisi ni Wakisi. Wanaume tunavua, wanawake wanafinyanga. Mimi nilikuwa kijana mwenye mtumbwi wangu, na kazi yangu, zaidi ya samaki, ilikuwa kupeleka vyungu vya dada na wenzake Mwaya na hadi midomo ya mito, ambako Wanyakyusa wa Ngonga walitusubiri na vikapu. Hatukuuza kwa fedha. Mnunuzi alijaza chungu ulezi au maharage, tukamimina nafaka mtumbwini, naye akaenda na chungu chake. Aliyetaka chungu kikubwa alilima shamba kubwa, na hakuna aliyemwibia mwenzake.

Angetile alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono mipana kama ya mvuvi, na maneno makali. Chungu chake ungekijua hata ukiwa umefumba macho, kwa wepesi wake. Kuta zake zilikuwa nyembamba na sawasawa kote, kwa sababu alizikwangua kwa kigamba cha kome wa ziwani mpaka ukaogopa kutazama. Kisha alizilainisha kwa kokoto nyeusi aliyorithi kwa mama. Kokoto hiyo ilipaswa kuwa na umajimaji wakati wote, kwa hiyo asipoitumia aliiweka mdomoni, ndani ya shavu, na akaendelea kusema hivyo hivyo. Wafinyanzi wote walifanya hivyo. Mtu asiyewazoea angedhani wana jipu la jino.

Neli hakuwa Mkisi. Alikuwa Mnyakyusa wa Katumba Songwe, binti wa watu wa migomba, akaolewa na mvuvi wa kijiji chetu aliyeitwa Tuntufye. Alipokuja hakujua udongo ila ule wa kupandia. Angetile ndiye aliyemkalisha chini na kumfundisha, na hakumfundisha kwa upole. Alimvunjia vyungu vibichi vya msimu mzima. Neli alicheka, akakanda upya, na baada ya miaka michache alikuwa mtu wa pili kwa kazi nzuri ufukweni pote. Walichimba udongo pamoja, walichoma pamoja kwenye tanuru moja la nyasi na magome, na walitaniana mchana kutwa.

"Hiki chako kina tumbo la askari wa boma," Angetile angesema.

"Na hicho chako kina shingo ya mama mkwe wangu," Neli angejibu. "Kikijazwa maji kitaanza kunilalamikia."

Siku moja, mbele ya wanawake wote waliokuwa wakipanga vyungu juani, Neli aliushika mkono wa Angetile, akaugeuza huku na huku kama mtu anayekagua samaki, akasema, "Ukifa, dada, niachie hii mikono. Kinachobaki wapelekee ndugu zako." Wote walicheka. Angetile mwenyewe alicheka mpaka kokoto ikamtoka mdomoni.

Hilo ndilo neno lililomwangamiza Neli, na lilikuwa neno la mapenzi.

Miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza, boma liliagiza mitungi ya maji kwa watu waliolazimishwa kujenga barabara ya kwenda mlimani. Jumbe alitangaza siku ya kupeleka, na kila mfinyanzi aliujua mjeledi wa boma kwa kuusikia kama si kwa kuuona. Angetile alikuwa ametoka kuugua homa. Macho yalikuwa bado ya njano na magoti yalimtetemeka, lakini alikaa chini akafanya kazi. Kigamba kilimteleza kikamkata shina la kidole gumba cha mkono wa kulia. Mkato wenyewe haukuwa mrefu, bali ulizama.

Sasa msomaji aelewe alichofanya, maana ndicho kiini cha habari hii. Chungu kibichi kikipata ufa, mfinyanzi hangojei. Anaufuta kwa ngozi yenye maji, anasukuma udongo laini ndani ya ufa, na anasugua juu kwa kokoto mpaka alama isionekane. Ukichelewa, ufa unakimbia. Wanawake wetu walizitendea ngozi zao vivyo hivyo, na dada yangu naye. Alipangusa damu, akakanda udongo na masizi kidogo, akaujaza kwenye mkato, akatoa kokoto mdomoni na kulainisha. Damu ilisimama. Akarudi kwenye mtungi wake. Nilikuwa nimeona kiraka hicho tangu nikiwa mtoto, kwenye mikono ya mama, ya shangazi, ya majirani, na karibu kila mara kidonda kilipona chini yake na udongo ukabanduka wenyewe.

Safari hii haukubanduka. Kila asubuhi aliulowesha na kuuongeza, kwa sababu bila kiraka kidole kilimuuma asiweze kusukuma ukuta wa mtungi. Mkono ukavimba. Akasema ni kazi. Ukawa moto, unang'aa, na mstari mwekundu ukapanda kutoka kiganjani hadi ndani ya kiwiko. Neli ndiye aliyeuona mstari huo kwanza, na akamsihi akioshe kidonda na kukiacha wazi. Angetile alimkatalia kwa lugha ya kazi yao: ukibandua kiraka kabla hakijakauka, chungu chote kinakwenda. Mitungi ya boma ilikamilika. Siku ilipopelekwa, dada yangu alikuwa amelala kwenye mkeka, kwapa limejaa kama limefichwa yai, hamtambui hata mumewe.

Nilimlaza mtumbwini, na Neli alikaa nyuma yake akimshikilia kichwa njia nzima hadi kwa daktari wa misheni. Mzungu huyo alitazama mara moja tu. Alikata mkono juu ya kiwiko. Angetile alipona, kama hilo laitwa kupona.

Alipoanza kukaa kitako, daktari alikuja na msaidizi wake aliyeitwa Yohana, kijana wa Kinyakyusa aliyetufasiria. Angetile alitaka kujua jambo moja tu: nani. Daktari alizungumza kwa muda, na Yohana akasema kwamba hakuna mtu. Akasema juu ya ngozi ya kila mmoja wetu vinaishi vijidudu visivyoonekana, vinakaa tu, havina ubaya. Vile vilivyomla mkono vilikuwa vyake mwenyewe, vya ngozi yake na pengine vya mdomo wake. Kigamba kiliviingiza, na udongo ukavifungia mlango.

Angetile alitazama palipokuwa na mkono, kisha akamgeukia Yohana.

"Kwa hiyo mimi ndiye mchawi wangu," alisema.

"Si uchawi, mama."

"Mkono wangu umeniroga. Ngozi niliyozaliwa nayo, niliyoiogesha na kuipaka mafuta kila siku ya Mungu. Kijana, nenda kamwambie bwana wako atafute uongo mwingine. Huu hata mtoto hawezi kuubeba."

Neli alikuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi za mgonjwa. Alicheka kidogo, kama alivyozoea kuyachekea maneno ya dada yangu. Angetile aligeuka akamtazama. Nilikuwepo. Ndipo lilipoingia, wazo lile, na nililiona likiingia.

Tuliporudi nyumbani halikuhitaji kusukumwa. Wanawake walikumbuka ule utani wa mikono. Wakahesabu: mwalimu hana mkono, na sasa chungu bora ufukweni ni cha nani? Cha mwanamke wa kuja. Nani aliuona mstari mwekundu kabla ya wengine wote? Nani alitaka kiraka kibanduliwe? Kila wema aliomtendea mgonjwa uligeuzwa ukawa ushahidi. Nilieleza kila nilikoketi yale aliyosema Yohana. Walinisikiliza kwa adabu, kisha mmoja akaniuliza kama vijidudu vya puani mwangu vinakula samaki mbichi au wa kukaushwa.

Hakuna aliyemshtaki Neli waziwazi. Ingekuwa heri. Watu waliacha tu kupokea chakula mkononi mwake, na kwetu hakuna hukumu inayozidi hiyo. Unayemwamini unakula alichokumegea mbele ya watu; usiyemwamini unamwambia umeshiba. Neli akapika, watoto wa majirani wakashiba. Akaleta vyungu vyake tanuruni, na tanuru likawa limejaa. Akasalimia kisimani, akajibiwa, na mitungi ikaondoka mmoja mmoja mpaka akabaki na wake.

Ndipo akaenda kwa Andongwisye, mkuu wa kijiji, wazee wakiwa wamekaa, akapiga magoti na kudai mwafi.

Vijana hawajui mwafi. Ulikuwa dawa kali ya mti. Aliyeshukiwa alikunywa mbele ya watu wote, pamoja na aliyemshuku. Akitapika, yu safi. Anayemsema tena analipa ng'ombe, na jioni ile ile watu wanakwenda kula kwake. Asipotapika, ana hatia na anahama. Kwa vyovyote jambo lilikwisha siku hiyo hiyo. Lakini Wajerumani walikuwa wameupiga marufuku, na mkuu wa kijiji aliyeruhusu mwafi alichapwa na kuvuliwa ukuu.

"Nipeni ninywe," Neli alisema. "Nikitapika mtakula kwangu leo. Nikikaa nao tumboni, nitaondoka kabla jua halijazama, na watoto wangu nitawaacha."

Andongwisye alimwambia hakuna anayemfukuza.

"Ndiyo maana naomba, baba. Anayefukuzwa anajua njia ya kwenda. Mimi mmenisimamisha mlangoni."

"Boma litasikia," mzee alisema. Hakumtazama.

"Boma lilikuja kula kwangu? Boma ndilo lililokataa ndizi zangu?"

Wazee waliondoka, na mwafi hakupewa. Ilipokaribia mvua, Tuntufye mumewe alichoka kula chakula cha peke yake na kuvua bila mwenzi wa kumshikia wavu. Akamrudisha kwa kaka zake Katumba Songwe. Watoto walibaki.

Naona msomaji wa leo anatabasamu. Atasema Wajerumani walifanya vyema, mti hauna macho ya kumwona mchawi. Najua hauna. Nimejisomea vitabu vya afya tangu taa zilipokuwa za mafuta hadi leo, nimesumbua waganga wa zahanati kwa maswali mpaka wakanikimbia, na mmoja wao alipochoka alinionyesha tone la usaha ndani ya hadubini ili ninyamaze. Niliviona vijidudu vya Yohana. Vilikuwa vidogo, vya mviringo, vimejikusanya kama mayai ya samaki. Sikuona uadui wowote ndani yake.

Yohana alisema kweli tupu. Kila mtu, aliyeoga na asiyeoga, amebeba juu yake umati wa bakteria. Wanakaa kwenye vinyweleo, puani, kwapani, kooni, na mtoto huwapokea kwa mama yake tangu anapozaliwa. Wanakula jasho, mafuta na ngozi iliyokufa, na wanakalia nafasi ambayo wabaya zaidi wangeitaka. Mtu anaweza kuzeeka nao asijue. Ngozi ni ukuta, wao ni wakazi wa nje ya ukuta. Ukuta ukitoboka, wanajikuta ndani, penye joto na damu, mahali wasipopaswa kuwa. Mwili wenye nguvu unawaua, usaha kidogo unatoka, basi. Mwili uliochoka kwa homa unachelewa. Na kama umewafungia ndani kwa udongo, usaha hauna pa kutokea. Wanazaliana, sumu yao inasambaa, wanafuata njia za mwilini hadi kwapani na kwenye damu. Hawakubadilika tabia. Walibadilishwa mahali. Jirani yule yule aliyekaa nawe miaka yote bila neno.

Lakini angalieni jinsi tulivyotendewa. Walituondolea mwafi siku moja, kwa amri, kwa mjeledi. Hadubini ilitufikia baada ya miaka arobaini. Katikati ya hapo tuliachwa na shuku mikononi na bila mahali pa kuzitua. Mwafi ulidanganya mara nyingi, najua, lakini ulikuwa na mwisho. Neli alikuwa na tumbo jepesi. Angetapika, nina hakika, na watu wangekula kwake jioni ile. Badala yake alipewa ukweli wa kizungu ambao hakuna mtu aliyeweza kuumeza, hata yule aliyeokolewa nao.

Na siwezi kumlaumu dada yangu sana. Mkono ule ulikuwa ndiye yeye. Kuambiwa kwamba adui ni rafiki yako, hilo moyo unaliweza. Unapata mtu wa kumkasirikia. Kuambiwa kwamba adui alikuwa ngozi yako na desturi ya mama yako, hapo unakasirikia nini? Alijaribu kufinyanga kwa mkono wa kushoto na kisigino. Alitoa kitu kama kiota cha ndege, akakikanyaga, na hakujaribu tena. Akawa mtu wa kukausha samaki, na kokoto ya mama akampa binti yake bila maneno.

Vita vilipoanza, mtumbwi wangu ulichukuliwa kubeba risasi, nami nikachukuliwa kubeba mizigo. Niliona mabega ya wapagazi yakichubuliwa na kamba, na majipu yakitokea pale pale, na watu wazima wakifa kwa mchubuko, kila mmoja akimtaja jirani yake wa nyumbani aliyemroga. Niliporudi, Waingereza wakiwa wameshavuka mto Songwe, Angetile alikuwa amekufa kwa kuhara, na Neli, walisema, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto. Kwa hiyo mara ya mwisho kuwaona wakiwa pamoja ni ile ya Mwaya, mwaka uliotangulia vita.

Nilikuwa nimewapeleka wanawake wa kijiji sokoni, Angetile akiwa na samaki wake. Neli alikuwa amekaa peke yake pembeni na kikapu cha mahindi ya kuchoma. Udongo wa kwao haufai kwa vyungu. Alituona. Alisimama, akaja moja kwa moja mbele ya watu wote, akapiga goti. "Ugonile, dada," alimwamkia kwa Kinyakyusa, na dada yangu akaitikia. Kisha Neli akavunja hindi katikati, akang'ata kipande kimoja, akameza, na kingine akakinyoosha kwa mikono miwili.

Wanawake wetu waligeuka wakatazama. Hata waliokuwa wakibishana bei ya ndizi walisogea. Angetile alinyoosha mkono wa kushoto, ndio uliobaki, akapokea.

"Ndaga," alisema, yaani asante.

Neli hakulia. Alinigeukia mimi, uso wake ukiwa kama wa msichana, akaniuliza, "Umeona? Amepokea."

Nikamwambia nimeona.

Tuliondoka jua likiwa bado kali. Angetile alikaa mbele ya mtumbwi, kisiki cha mkono ndani ya shuka, hindi kwenye kiganja. Nyuma yetu Neli alikuwa amesimama majini hadi magotini, akitupungia. Tulipofika mbali kiasi kwamba hawezi kuona mikono yetu, dada yangu aliteremsha kiganja chake ukingoni mwa mtumbwi na kukifungua ndani ya maji. Wanawake wote waliokuwa mtumbwini walimwona. Neli alikuwa bado anapunga.